Nyuma ya Fenda: Historia Fupi ya Kipande Kinachofunguliwa

Mwezi uliopita, majira ya saa kumi na mbili jioni, bajaji iliyokuwa ikikwepa shimo karibu na Mwenge iliingia ubavuni mwa gari langu, upande wa kushoto mbele. Hakuna aliyeumia, na hilo ni la kushukuru kabla ya jingine lolote. Fenda ilikunjika kuelekea tairi, taa ikapasuka, na bampa likachomoka upande mmoja. Siku ya tatu alikuja mkaguzi wa kampuni ya bima. Alilizunguka gari mara moja, akapiga picha nne kwa simu, akaandika mstari mmoja: fenda ya kushoto mbele, kunyoosha na kupaka rangi.

Nililipeleka gari kwa fundi ninayemfahamu miaka mingi, mzee wa takriban miaka sitini, ambaye gereji yake ni mwembe mmoja, kontena moja na vijana wanne. Baada ya shikamoo na pole, aliinama, akatazama mwanya kati ya fenda na mlango, kisha akauliza swali ambalo ndilo lililozaa makala haya: "Mwalimu, tuinyooshe ikiwa hapohapo, au tuifungue?"

Nikamuuliza tofauti ni nini. Akajibu kwamba tukiinyoosha ikiwa hapohapo, kesho jioni naondoka na gari linalong'aa. Tukiifungua, itachukua siku zaidi, lakini tutajua kilichoko nyuma yake.

Naomba nikiri, ndugu msomaji, kwamba nilitamani jibu la kwanza. Nilikuwa nimekwisha kukubaliana na mwalimu mwenzangu kijana, aliyeajiriwa karibuni, kwamba mwisho wa mwezi nitamuuzia gari hilo. Rangi mpya ilikuwa inanitosha. Lakini mtu anayelipwa mshahara kwa kuwafundisha vijana historia hawezi kusimama mbele ya fundi na kusema kwamba hataki kujua kilichoko nyuma. Nikasema tufungue.

Boliti tisa

Kazi ya kufungua fenda ni ya utaratibu, na ina mantiki yake. Fundi alianza kwa kuchomoa waya hasi wa betri, kisha akasubiri. Magari ya siku hizi yana mifuko ya hewa inayofumka wakati wa ajali, na mfumo wake hubaki na umeme kwa muda hata betri ikishachomolewa. Ndiyo maana miongozo ya watengenezaji hutaka fundi asubiri zaidi ya dakika moja kabla ya kugusa nyaya za eneo hilo. Mzee yule hajawahi kuusoma mwongozo huo. Alijifunza kwa mwenzake aliyefumukiwa na mfuko usoni.

Kisha gari likapandishwa jeki, likawekewa vigingi, tairi likatolewa. Vijana walichomoa klipu za plastiki iliyoko ndani ya upinde wa tairi, wakaitoa plastiki yenyewe, wakafungua bampa, kisha taa. Hapo ndipo boliti za fenda zilipoonekana: safu moja juu, chini ya ukingo wa boneti, nyingine mbele, karibu na makazi ya taa, nyingine chini, nyuma ya tairi, na moja ya mwisho iliyojificha katika mwanya wa mlango, ambayo huifikii mpaka mlango ufunguke. Zote zilikuwa za spana namba 10.

Tatizo lilikuwa katika ile ya mwisho. Fenda ilikuwa imesukumwa nyuma ikaulalia mlango, na mlango ukifunguliwa kwa nguvu utachanika rangi na kukunjika ukingo. Kijana mmoja alitaka kuivuta fenda kwa mtaimbo. Mzee alimzuia. Alibandika utepe kwenye ukingo wa mlango, akafunga mnyororo kwenye fenda kwa mbele, wakaivuta kidogo kidogo mpaka mlango ukapata nafasi ya kupita. "Boliti moja ukiisahau," alimwambia yule kijana, "ukivuta, unaharibu na kile kilichokuwa kizima."

Kabla ya kuzifungua aliniita nitazame vichwa vya boliti. Kiwandani, fenda hufungwa kwanza, kisha bodi yote hupakwa rangi pamoja na boliti zake. Kwa hiyo boliti ambayo haijawahi kuguswa huwa na rangi nzima kichwani. Za kwangu zilikuwa zimekwanguliwa pembeni, na mbili hazikufanana na nyingine. Fenda ile ilikuwa imewahi kufunguliwa kabla yangu.

Ilipotoka, tuliona sababu. Ukuta wa bati wa ndani, ule unaobeba kishikio cha shokapu, ulikuwa umewahi kukatwa na kuchomelewa upya. Mshono wa kuchomelea ulikwenda kombo, ukafunikwa kwa puti nene, na chini ya puti kutu ilikuwa imekwisha kula bati. Ajali ya bajaji haikufanya hayo. Ilikuwa imepasua puti tu. Gari niliponunua kwa mwenyewe wa kwanza hapa nchini, niliambiwa kwa kiapo kwamba halijawahi kugongwa.

Kutoka kinga ya tope hadi ngozi ya gari

Kwa nini kipande hiki kimefungwa kwa boliti, ilhali ubavu wa nyuma wa gari hilohilo umechomelewa moja kwa moja? Swali hili linaonekana la kifundi, lakini jibu lake liko katika historia.

Gari la magurudumu matatu ambalo Karl Benz alilipatia hataza nchini Ujerumani mwaka 1886 halikuwa na fenda kabisa. Kinga za tope zilitoka kwenye magari ya farasi, na kazi yake ilikuwa kuzuia tope na mawe yanayorushwa na gurudumu yasimpate abiria. Kiswahili kimeihifadhi kazi hiyo ya asili katika neno madigadi, ambalo bado tunalitumia kwa baiskeli.

Ford Model T, iliyotengenezwa Marekani kati ya mwaka 1908 na 1927 kwa idadi ya zaidi ya milioni 15, ilikuwa na fenda nne zilizosimama peke yake, kila moja ikiwa imefungwa kwa boliti. Nguvu ya gari lile haikuwa bei yake pekee. Vipande vyake vilifanana kiasi kwamba fenda iliyotoka kiwandani leo iliweza kufungwa kwenye gari la miaka kadhaa nyuma bila kupigwa nyundo. Mkulima aliyeishi mbali na mji, mwenye spana na agizo la posta, aliweza kulikarabati mwenyewe.

Mabadiliko yalikuja na bati la chuma lililokandamizwa kwa mashine. Edward Budd alianzisha kampuni yake mjini Philadelphia mwaka 1912, akatengeneza bodi za chuma kitupu zilizounganishwa kwa kuchomelewa, badala ya fremu za mbao zilizotandazwa bati. Mwaka 1934 Citroën ya Ufaransa, iliyokuwa na leseni ya teknolojia hiyo, ilitoa Traction Avant, gari ambalo bodi yenyewe ndiyo iliyobeba uzito, bila chesisi ya kujitegemea. Tangu hapo fenda zilianza kumezwa na bodi. Kufikia mwaka 1949, Ford mpya ilikuwa na ubavu ulionyooka kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma, na jicho la mpita njia halikuweza tena kusema fenda inaishia wapi.

Lakini wahandisi walilazimika kuamua: kipande kipi kibaki kinafunguka, na kipi kichomelewe? Fenda za nyuma zikawa sehemu ya mwili. Za mbele, kwa magari mengi, zikabaki na boliti, kwa kuwa mbele ndiko gari hugonga, na ndiko fundi huhitaji nafasi ya kufikia viungo vingine. Si wote walioamua hivyo. Mini ya Uingereza ya mwaka 1959 ilichomelewa fenda zake za mbele. Land Rover ya mwaka 1948, iliyotengenezwa kwa aloi ya alumini kwa sababu chuma kilikuwa kwa mgawo baada ya vita, ilifungwa kwa boliti zinazoonekana kwa macho. Wazee wetu walioendesha Land Rover za serikali mikoani wanajua maana ya uamuzi huo: gari liliweza kugonga mti leo, na kesho kutwa likaendelea na safari.

Jambo la tatu lilitokea Ujerumani. Mhandisi Béla Barényi wa Mercedes-Benz alikuja na wazo, lililofika barabarani mwaka 1959, kwamba gari salama si lile lililo gumu kila mahali. Sehemu ya mbele na ya nyuma zikunjike na kumeza nguvu ya mgongano, ili chumba cha abiria kibaki kizima. Baada ya hapo, gari lina ngozi inayoweza kubadilishwa, lina mifupa iliyokusudiwa kukunjika mara moja tu, na lina kiini kisichopaswa kukunjika kamwe. Ngozi ukiibadilisha, gari ni lilelile. Mfupa ukishakunjika na kunyooshwa kienyeji, hautameza tena nguvu kama ulivyokusudiwa, hata kama rangi yake inang'aa.

Wajapani wanavyoiandika historia ya gari

Magari mengi tunayoyaona katika barabara zetu yametoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika. Sababu moja ni kwamba wao, kama sisi, huendesha upande wa kushoto. Nyingine ni ukaguzi wao wa lazima uitwao shaken: gari binafsi jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na gharama zake huwafanya wengi waliuze gari likiwa bado na nguvu.

Gari likifika mnadani kule, mkaguzi huandika karatasi yenye mchoro wa gari. Kila kipande hupewa alama. Herufi U ni mbonyeo. W ni mawimbi yanayobaki baada ya kunyoosha na kupaka rangi. X ni kipande kinachohitaji kubadilishwa, na XX ni kipande kilichokwisha kubadilishwa. Lakini zipo pia daraja za gari zima, na daraja ya R humaanisha gari lenye historia ya ukarabati wa ajali.

Hapa ndipo palipo na somo. Kwa kawaida ya minada ile, gari lililobadilishwa fenda, boneti au mlango halihesabiwi kuwa na historia ya ukarabati, kwa sababu vipande hivyo hufunguka. Historia huanza pale mifupa inapoguswa: kuta za ndani, nguzo, fremu ya mbele, sakafu. Kwa hiyo alama ya XX kwenye fenda haimtishi mkaguzi, bali humwonyesha mahali pa kutazama. Akiona boliti zimeguswa, huinama na kuchungulia nyuma, apate kujua kama pigo liliishia kwenye ngozi au lilifika kwenye mfupa.

Karatasi hiyo ni waraka wa kihistoria kama waraka mwingine wowote wa nyaraka za taifa. Ina mwandishi, ina tarehe, ina vigezo vya kuamua lipi liandikwe na lipi liachwe. Na kama ilivyo kwa nyaraka nyingine, inaweza kupotea njiani kati ya bandari na mnunuzi wa tatu.

Waliojifunza chini ya mwembe

Tukirudi nyumbani, historia ya fenda ni historia ya watu ambao dola haikuwahi kuamua vizuri iwaite nani.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 pamoja na kupanda kwa bei ya mafuta duniani viliiacha Tanzania bila fedha za kigeni. Vipuri viliadimika. Fenda mpya haikupatikana, hivyo iliyokunjika ilibidi inyooke. Mzee wangu aliingia gereji katika miaka hiyo akiwa saidia fundi. Anakumbuka wakikata bati la pipa la mafuta, wakalipiga juu ya gogo mpaka likapata mviringo wa fenda ya Peugeot, wakalitoboa matundu ya boliti kwa kufuata yale ya fenda iliyooza. Chuo chake kilikuwa hicho. Nchi ilitembea juu ya mikono ya namna ile.

Mwaka 1973 serikali ilikuwa imeunda SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, na nia ilikuwa njema. Lakini miaka kumi baadaye, mwaka 1983, ikaja Sheria ya Nguvu Kazi, iliyotaka kila mwenye uwezo wa kufanya kazi awe na kazi inayotambulika. Katika utekelezaji wake mijini, mtu asiye na kitambulisho cha ajira aliweza kukamatwa kama mzururaji na kurudishwa kijijini. Mzee anasema msako ulipopita walifukia spana mchangani na kutawanyika, kisha jioni wakarudi kumalizia gari. Mara moja, anasema, gari walilokuwa wakilimalizia lilikuwa la ofisa aliyehusika na msako huo.

Sisemi hayo kwa kejeli. Mwaka huohuo wa 1983 serikali iliruhusu daladala za watu binafsi jijini Dar es Salaam, kwa sababu usafiri wa umma ulikuwa umezidiwa. Mwaka uliofuata ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni waingize bidhaa bila kuulizwa fedha zilikotoka, na chini ya Mzee Mwinyi mlango ukafunguka zaidi. Magari yakaongezeka, vipuri vilivyotumika vikaja kwa makontena, na mafundi waliokuwa wakiitwa wazururaji wakawa ndio wanaobeba usafiri wa nchi nzima. Watu wale hawakubadilika. Kilichobadilika ni jina walilopewa.

Kenya ilipita njia yake. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 kuhusu Kenya ndiyo iliyolieneza duniani wazo la sekta isiyo rasmi, na mafundi wa jua kali wakaja kuingizwa katika sera ya taifa kwa waraka wa bunge wa mwaka 1992. Hapa kwetu, VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na huo ni utaratibu wa kupongezwa. Hata hivyo neno letu la mtaani bado ni gereji bubu. Tunamwita bubu mtu anayezungumza kwa mikono yake kutwa nzima, na sisi ndio tusiomsikiliza.

Nani ana ruhusa ya kufungua?

Wasomaji wangu wanaharakati watauliza: haya yanahusu nini leo? Yanahusu sana, kwa sababu boliti ile inaondoka.

Katika magari mapya, nyuma ya bampa na pembeni mwa fenda kuna rada na vihisio vinavyosaidia breki. Ukivitoa na kuvirudisha, sharti vipimwe upya kwa kompyuta yenye programu ya mtengenezaji. Vipande vingine vimegundishwa kwa gundi maalumu. Spana namba 10 bado itaifungua fenda, lakini gari litakataa kukubali kwamba limefungwa vizuri mpaka lizungumze na kompyuta ambayo fundi wa chini ya mwembe haruhusiwi kuinunua au hawezi kuimudu.

Wenzetu wameligombania jambo hili mahakamani na mabungeni. Mwaka 1986, katika shauri la British Leyland dhidi ya Armstrong, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilikataa hakimiliki ya michoro itumike kuwazuia wengine kutengeneza mabomba ya moshi ya akiba, ikisema mwenye gari ana haki ya kulikarabati kwa gharama nafuu. Mwaka 2012 wapiga kura wa jimbo la Massachusetts, Marekani, waliunga mkono sheria ya kuwalazimisha watengenezaji wawape mafundi wa kujitegemea taarifa za ukarabati. Mwaka 2019 mahakama ya rufaa nchini humohumo ikaamua kinyume katika suala linalofanana, ikailinda Ford dhidi ya waliotengeneza boneti na taa zinazofanana na za gari lake la F-150. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni kwamba ulinzi wa umbo la kipande usitumike kuzuia kipuri kinachorudisha gari katika sura yake ya awali.

Je, sisi tuko wapi katika mjadala huo? Tunajadili kwa bidii kodi ya gari kwa umri wake. Sijasikia bado mjadala wa kitaifa kuhusu iwapo gari linaloingia nchini litaweza kukarabatiwa na mafundi tulio nao. Mtumishi wa umma anayesoma hapa na ambaye kesho atakaa kwenye kamati ya kuandika kanuni za magari ya umeme, ninamwomba aingize swali hilo katika ajenda: taarifa za ukarabati zitapatikana kwa nani, kwa lugha gani na kwa bei gani?

Ukaguzi unaoishia kwenye rangi

Narudi kwa yule mkaguzi wa bima na mstari wake mmoja. Simlaumu sana. Ana magari mengi ya kupita kwa siku, na fomu yake haina nafasi ya kuandika kwamba kipande kifunguliwe kwanza. Lakini tabia ile si yake peke yake. Basi likipinduka na watu kupoteza maisha, taarifa ya kwanza huwa mwendokasi na uzembe wa dereva, na mara nyingi taarifa ya kwanza ndiyo huwa ya mwisho. Dereva ni fenda: anaonekana, yuko mbele, anaondolewa kirahisi na kuwekwa mwingine. Ratiba aliyopewa na mwenye basi, saa alizokaa bila kulala, kona ya barabara iliyochorwa vibaya, na mshono wa chesisi uliofunikwa kwa puti ni mambo yanayohitaji mtu apige magoti na spana.

Mwanafunzi wa historia hujifunza mapema kwamba chanzo kisichofunguliwa hakisemi. Wahenga walikwisha kusema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kampuni ya bima ilikubali, baada ya barua mbili na picha za fundi, kuongeza gharama za kishikio cha taa na fremu ya mbele. Ule mshono wa zamani haukuwa wa ajali hii, na walikuwa na haki ya kuukataa. Niliulipia mwenyewe. Mzee alikwangua puti yote, akakata bati lililooza, akachomelea jipya, akapaka dawa ya kutu, kisha akaniita nije nione kabla hajaifunga fenda. Akasema hafungi mpaka mwenye gari aone, kwa sababu kikishafungwa kinabaki kuwa neno lake tu.

Nilimpigia simu mwenzangu aje pia. Alisimama pale chini ya mwembe, akatazama mshono mpya unaong'aa mahali ambapo mimi kwa miaka minne sikujua kuna mshono. Nikampa picha zote, za kabla na za baada. Nikamwambia kwamba kwa kipimo cha Wajapani gari hili lina historia, na kwamba ana hiari ya kujitoa. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza ni kiasi gani nitapunguza. Tulikubaliana shilingi 1,800,000, fedha ambazo, sitaficha, nilikuwa nimekwisha kuzipangia matumizi.

Jumamosi iliyofuata alikuja kulichukua. Aliomba bahasha ya picha iwekwe ndani ya kadi ya gari, ili naye siku akiuza amwonyeshe mnunuzi.